Jina Lililopotoka kwa Karne Nzima: Ubongo wa Ndege na Funzo kwa Waundaji wa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Lugha yetu haijawatendea ndege haki. Mtu akiwa msahaulifu huambiwa kuwa ana akili za kuku. Mwanafunzi akikariri somo asilolielewa huambiwa kuwa amegeuka kasuku. Waingereza nao, wakitaka kumdunisha mtu, humwambia kuwa ana ubongo wa ndege. Kejeli za namna hii hazina madhara makubwa zikibaki barazani. Lakini je, itakuwaje iwapo dharau iyo hiyo itaingia katika istilahi za sayansi, iandikwe vitabuni na kufundishwa vyuoni kwa takriban miaka mia moja?

Ndivyo ilivyokuwa. Makala haya yanadhamiria kukieleza kisa hicho na kutoa maoni kukihusu. Kisa chenyewe kinahusu njia ambazo habari za uoni hupitia katika ubongo wa ndege, pamoja na kemikali za jamii ya asidi-amino zinazoipeleka habari hiyo kutoka seli moja hadi nyingine. Huenda msomaji akauliza: mambo hayo yana uhusiano gani na wanafunzi wa Kiswahili? Uhusiano upo, tena wa karibu. Sisi ndio tunaotarajiwa kuandika kamusi, kufasiri vitabu na kuunda istilahi za kesho. Kila mara suala hili linapozuka katika vikao vyetu, husikika sauti inayodai kuwa istilahi yoyote itafaa almuradi itumike, kwa kuwa jina ni jina tu. Mimi sikubaliani na dai hilo. Ninashikilia kwamba istilahi ya kitaalamu ni kauli kuhusu kitu kinachotajwa. Aiundaye bila kukijua kitu chenyewe huzua kosa; na aifasiriye bila kukichunguza kitu hurithi kosa la mwenzake na kuliongezea umri.

Haja ya jina: kivushi

Kabla ya kuingia katika ubongo wa ndege, hatuna budi kukubaliana kuhusu jina moja. Ujumbe husafiri ndani ya seli ya neva kwa njia ya umeme. Hata hivyo, kwa kawaida seli moja haijaungana na inayofuata. Baina yao kuna mwanya mwembamba mno, na mahali hapo pa kukutania huitwa sinapsi. Umeme ukifika ukingoni mwa seli ya kwanza, seli hiyo humwaga kemikali katika mwanya. Kemikali huvuka hadi ng'ambo, ikapokelewa na vipokezi vya seli ya pili, nayo seli hiyo ikaamka au ikanyamaza kulingana na kemikali iliyopokelewa.

Tuiiteje kemikali hiyo? Wapo watakaopendekeza kipitishi-neva. Nionavyo mimi, jina hilo linapotosha, kwani kemikali hii haiupitishi ujumbe ndani ya neva. Kazi hiyo ni ya umeme. Kemikali huuvusha ujumbe pale ambapo umeme umefika kikomo. Yeyote aliyewahi kusimama Likoni anaifahamu hali hii: barabara hufika ukingoni mwa maji, na kutoka hapo abiria huvushwa kwa feri hadi barabara ya ng'ambo. Kwa sababu hiyo, katika makala haya nitatumia neno kivushi, na katika wingi vivushi.

Vivushi ni vya aina nyingi, ila vinavyotumika kwa wingi zaidi katika ubongo ni vya jamii ya asidi-amino. Mashuhuri ni vitatu: glutamati, GABA na glisini. Glutamati huiamsha seli inayoipokea. GABA na glisini, kwa kawaida, huizuia seli isiamke. Hapa tena uteuzi wa maneno unahitaji uangalifu. Neno kichocheo lingetufaa kwa glutamati, lakini tayari limebebeshwa mizigo mingine: wapo wanaoliita homoni kwa jina hilo, na wapo wanaolitumia kwa dutu inayoharakisha mmenyuko wa kikemia. Nitasema kivushi amshi. Kwa GABA nilishawishika kwanza kusema kivushi tulizi, kisha nikaliacha neno hilo. Kutuliza ni kuleta amani, ilhali kazi ya GABA mara nyingi ni kunyamazisha sauti moja ili nyingine isikike. Kivushi zuizi ni jina kavu, lakini halidai zaidi ya linavyojua.

Glutamati si kitu kigeni. Mkemia Mjerumani Karl Heinrich Ritthausen aliipata asidi yake katika ngano mwaka wa 1866. Mwaka wa 1908 Kikunae Ikeda, wa Japani, aligundua kwamba ndiyo inayotia ladha nono katika mchuzi wa mwani, na hadi leo chumvi yake huuzwa kama kiungo cha kukolezea mapishi. GABA nayo ilitambuliwa kuwamo ubongoni mwaka wa 1950. La ajabu ni kwamba seli huitengeneza GABA kutokana na glutamati yenyewe: kimeng'enya kimoja huondoa kipande kidogo cha molekuli, kikatoka kama kaboni dayoksaidi, na kilichokuwa kiamshi kikageuka kizuizi. Sisi tuliozoea mofolojia hatutashangaa sana. Tunajua jinsi kiambishi kidogo kinavyotosha kukigeuza kitenzi funga kuwa fungua.

Safari ya kivuli cha mwewe

Sasa tumtazame kuku aliye uani na vifaranga wake. Mwewe akipita juu, kuku huinamisha kichwa upande mmoja, akakaza jicho moja angani, akatoa mlio wa hadhari. Vifaranga hutawanyika na kujificha. Yote hayo hutokea katika muda mfupi mno. Je, ndani ya kichwa hicho tunachokidharau hupita nini?

Nyuma ya jicho kuna utando wa retina, wenye seli zinazohisi mwanga. Mtu angedhani kwamba seli hizi hukaa kimya gizani na kupiga kelele mwanga unapoingia. Mambo ni kinyume. Gizani humwaga glutamati mfululizo, na mwanga ukizifikia hupunguza umwagaji huo. Seli za kati huyasoma mabadiliko hayo na kuyapeleka, kwa glutamati pia, kwa seli za mwisho za retina ambazo nyuzi zake ndefu hukusanyika na kuwa neva ya uoni. Njiani, seli nyingine za retina huingilia kati kwa GABA na glisini, zikaupogoa ujumbe. Kwa upogoaji huo jicho huanza kupambanua mipaka ya vitu na mwendo wake hata kabla ubongo haujapata habari.

Neva za uoni za ndege hupishana takriban kabisa: habari za jicho la kulia huenda upande wa kushoto wa ubongo, na za kushoto huenda kulia. Kutoka hapo kuna njia kuu mbili. Katika ndege walio wengi, njia kubwa zaidi huelekea kwenye tektamu, neno la Kilatini lenye maana ya paa. Hizi ni nundu mbili kubwa zinazoonekana waziwazi kando ya ubongo wa kuku au njiwa. Nyuzi kutoka jichoni humwaga glutamati katika tabaka za juu za tektamu. Lakini anga ina mengi: majani yanayotikisika, wingu, kunguru asiye na dhara, na mwewe. Ubongo hauwezi kuyashughulikia yote kwa uzito mmoja. Karibu na tektamu kuna kundi dogo la seli za GABA ambazo nyuzi zake hutanda karibu katika ramani nzima ya anga iliyochorwa kwenye tektamu. Kitu kimoja kikijitokeza kwa nguvu, seli hizo huzizuia sehemu zinazowakilisha vitu vingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilichunguza jambo hili kwa bundi, wakaona kwamba kundi hilo likinyamazishwa, ushindani kati ya vitu vinavyoonekana hutoweka katika tektamu. Hii ndiyo sababu nililikataa neno tulizi. GABA hapa ni mwenyekiti wa kikao anayewanyamazisha wasemaji ili mmoja asikike.

Kutoka kwenye tektamu ujumbe huvuka, kwa glutamati, hadi kwenye kiini kiitwacho rotundasi, yaani cha mviringo, kilichomo katika sehemu ya kati ya ubongo iitwayo thalamasi. Hapo pia seli za GABA kutoka viini jirani huudhibiti. Mwaka wa 1992 Yong-Chang Wang na Barrie Frost, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Kanada, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu rotundasi ya njiwa. Waligundua seli zinazoamka kitu kinapomjia ndege moja kwa moja, na nyingine miongoni mwazo huamka kulingana na muda uliobaki kabla ya kugongana nacho. Naam, njiwa ana seli zinazokadiria wakati wa hatari kufika.

Njia ya pili hutoka jichoni hadi sehemu nyingine ya thalamasi, kisha hupanda hadi juu kabisa ya ubongo wa mbele, kwenye mwinuko ambao wataalamu huuita kwa jina la Kijerumani, Wulst. Kwa bundi, mwinuko huu ni mkubwa, na ndipo habari za macho mawili zinapounganishwa ili kupima umbali. Njia ile ya kwanza nayo, baada ya rotundasi, huishia katika ubongo wa mbele, ndani ya kundi kubwa la seli lililokuwa likiitwa ektostriatamu. Jina hili ndilo chimbuko la mjadala wetu.

Kosa lilivyoingia kwa mlango wa jina

Ubongo wa mbele wa mamalia una sehemu mbili ambazo msomaji anapaswa kuzitofautisha. Ya nje huitwa paliamu, neno la Kilatini lenye maana ya joho au vazi, kwa sababu huufunika ubongo kama joho. Gamba la ubongo wa binadamu, lenye mikunjo, ambalo tunalihusisha na kufikiri na kutambua, ni sehemu ya joho hilo. Ya ndani huitwa striatamu, yaani yenye milia, na tangu zamani ilihusishwa na mwendo wa viungo, mazoea na silika.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Edinger, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, alilinganisha ubongo wa wanyama mbalimbali. Alipoutazama ubongo wa ndege hakuona mikunjo wala tabaka sita za gamba kama zilizo kwa mamalia. Aliona bonge la seli. Akahitimisha kwamba karibu bonge lote lilikuwa striatamu iliyokua kupita kiasi. Wakati huo wengi waliamini kwamba maumbile yalipanda ngazi moja: samaki, amfibia, reptilia, ndege, mamalia, kisha binadamu kileleni. Majina yakatungwa kwa mujibu wa ngazi hiyo. Sehemu moja ikaitwa paleostriatamu, yaani milia ya kale. Nyingine arkistriatamu, milia ya asili. Nyingine neostriatamu, milia mipya. Nyingine haipastriatamu, milia ya juu. Na ile ya uoni ikawa ektostriatamu, milia ya nje.

Tuzingatie jinsi majina haya yalivyofanya kazi. Mwanafunzi aliyefungua kitabu hakuambiwa kuwa hili ni dai la Edinger linalohitaji kuthibitishwa. Aliambiwa tu jina la sehemu. Dai lilikuwa limejificha ndani ya jina, na kwa kulitamka jina alikuwa tayari amelikubali dai. Kila jina lilisema kwamba ndege hana joho la kufikiria, ana milia ya silika tu. Hivyo ndege aliyeonyesha werevu alionekana kuwa kioja, na aliyemsifu alitakiwa kujieleza. Irene Pepperberg, nchini Marekani, alimfunza kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex kuanzia mwaka wa 1977 hadi kasuku huyo alipokufa mwaka wa 2007. Alex alitaja vitu, rangi na maumbo, na akahesabu vitu vichache kwa usahihi. Mtu aliyeliamini jina neostriatamu angewezaje kueleza kwamba milia inahesabu?

Vivushi vyatoa ushahidi

Kosa hili halikufichuliwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Katika miaka ya 1960 mbinu za kuzitia kemikali za ubongo rangi na kuzipima zilionyesha kwamba alama za striatamu, kama vile wingi wa dopamini, zilipatikana katika sehemu ndogo tu ya chini ya ubongo wa mbele wa ndege. Katika muongo uo huo Harvey Karten, nchini Marekani, alifuatilia nyuzi za neva katika njiwa. Akaona kwamba ile iliyoitwa ektostriatamu hupokea habari za uoni kutoka kwenye thalamasi, kama gamba la ubongo wa mamalia lifanyavyo. Baadaye wataalamu walichunguza jeni zinazofanya kazi katika viinitete vya kuku, nazo zikachora mpaka uo huo kati ya joho na milia.

Mchango wa vivushi vya asidi-amino ulikuwa wa namna ya pekee, kwa sababu ulionyesha kila seli inasema nini. Katika striatamu ya mamalia, seli zilizo nyingi na zinazopeleka ujumbe nje hutumia GABA. Huzuia. Katika joho, seli zinazopeleka ujumbe mbali hutumia glutamati, na GABA hutumiwa hasa na seli za mtaani zinazowadhibiti majirani. Je, katika ndege? Sehemu ndogo ya chini ilijaa seli za GABA kama striatamu yoyote. Lile bonge kubwa la juu, pamoja na kituo cha uoni, lilikuwa na seli za kupeleka ujumbe zinazotumia glutamati, zikiwa na seli za GABA katikati yao. Kwa maneno mengine, jina lilisema milia, lakini seli zenyewe zilizungumza lugha ya joho.

Mnamo Julai 2002, wataalamu kutoka nchi kadhaa walikutana katika Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, Marekani, kwa lengo moja la kuyabadilisha majina. Miongoni mwa walioongoza juhudi hizo ni Anton Reiner na Erich Jarvis. Maafikiano yao yalichapishwa mwaka wa 2004. Neostriatamu ikawa nidopaliamu, yaani joho la kiota. Arkistriatamu ikawa arkopaliamu, joho la tao. Sehemu kubwa ya haipastriatamu ikawa mesopaliamu, joho la kati. Ektostriatamu, kituo chetu cha uoni, ikawa entopaliamu, joho la ndani.

Katika majina hayo mapya kuna hekima mbili. Kwanza, kale na upya vimeondolewa. Yaliyobaki yanaeleza mahali au umbo, hayampandishi wala kumshusha mnyama yeyote. Pili, inapowezekana herufi za mwanzo zilihifadhiwa: N ilibaki N, A ilibaki A, E ilibaki E. Michoro na vifupisho vilivyozoeleka havikutupwa vyote. Walioyabadilisha majina waliwakumbuka wanaoyatumia.

Tafiti zilizofuata zimezidi kuyapa nguvu mageuzi hayo. Mwaka wa 2016 ilichapishwa hesabu ya seli za neva iliyoonyesha kwamba ubongo wa kasuku au wa ndege waimbao huwa na seli nyingi kuliko ubongo wa nyani wa uzito uo huo. Mwaka wa 2020 watafiti walionyesha kwamba nyuzi katika joho la njiwa na bundi zimepangika wima na mlalo kwa namna inayokaribia ile ya gamba la mamalia. Mwaka wa 2025 tafiti nyingine zilizolinganisha seli na ukuaji wake zilidokeza kwamba ufanano wa saketi za ndege na za mamalia kwa kiasi kikubwa ulizuka kwa njia mbili tofauti, bila kurithiwa kutoka kwa babu mmoja. Je, matokeo haya yaliyavunja majina ya 2004? La hasha. Wale wataalamu hawakuiita sehemu yoyote gamba. Walisema joho, jambo walilokuwa na hakika nalo, wakaishia hapo. Jina lililojizuia limesalimika.

Funzo kwetu

Sasa turejee nyumbani. Tuchukulie kwamba katika miaka ya 1990 mmoja wetu, kwa ari njema, angefasiri kitabu cha biolojia ya wanyama na kuiita neostriatamu milia mipya. Tafsiri hiyo ingekuwa sahihi kwa kila kigezo cha isimu tunachofundishwa: ni fupi, inaeleweka, ina mnyambuliko wa Kibantu. Ingesifiwa. Pia ingekuwa uongo mtupu. Na kwa kuwa Kiswahili kingeufanya uongo huo ueleweke na kila msomaji, ungeenea kuliko ulivyoenea kwa Kilatini. Uwazi wa istilahi ni sifa njema pale tu ambapo kinachowekwa wazi ni kweli.

Kutokana na hayo natoa mapendekezo matatu. La kwanza, kikao cha istilahi kisikae bila mwanasayansi. Hata kivushi, jina nililolipendekeza hapo juu, halikutokana na kamusi. Lilitokana na kujua kwamba kuna mwanya wa kuvukwa. Sisi tuna utaalamu wa kuunda neno, lakini hatuna maabara. Wenzetu wa biolojia wana maabara, lakini mara nyingi wameaminishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa pekee. Vyuo vyetu vimeweka idara hizi mbili katika majengo tofauti. Hatulazimiki kubaki huko.

La pili, mbinu ya kuunda istilahi itegemee kiwango cha hakika tulicho nacho. Pale ambapo kazi ya kitu inajulikana vyema, tuunde neno letu linaloeleweka. Pale ambapo mjadala wa wataalamu bado unaendelea, utohozi una heshima yake: nidopaliamu haielezi mengi, lakini haimdanganyi mtu. Wapo watakaosema kwamba huku ni kuijaza lugha maneno ya kigeni. Nawaelewa, na aghalabu nipo upande wao. Hata hivyo, afadhali neno geni lisilosema kitu kuliko neno tamu la kwetu linalosema uongo. Na pale tunapochagua sifa za kuainishia vitu, tuchague mahali, umbo au kazi, tuepuke cheo. Maneno kama duni, bora, kale na -a hali ya juu yana hukumu ndani yake.

La tatu, tuwe tayari kusahihisha. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka wa 1990, ilikuwa hatua kubwa, na kizazi chetu kinapaswa kuishukuru. Lakini sayansi haikusimama mwaka wa 1990. Kamusi ya istilahi isiyopitiwa upya hugeuka makumbusho. Wataalamu wa ubongo wa ndege walithubutu kukiri kwamba majina yaliyotumiwa na walimu wao yalikuwa na kasoro, wakayabadilisha kwa utaratibu, bila kuwatusi walimu hao na bila kuwavuruga watumiaji. Sisi nasi tunapokosoana kuhusu istilahi tusione kwamba heshima ya mtu au ya taasisi imeguswa.

Najua pingamizi moja kubwa. Mtu ataniuliza: kuna faida gani kuhangaika na vivushi na majoho ilhali masomo ya sayansi katika shule zetu za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza? Swali ni la haki. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini hadhi ya katiba haimfundishi mtoto jinsi jicho linavyoona. Jibu langu ni kwamba siku milango ya sayansi itakapofunguliwa, hatutapewa muhula mzima wa kujiandaa. Tutaamriwa kutafsiri vitabu upesi, na haraka hiyo ndiyo itakayotuletea milia mipya kwa mamia. Matayarisho hufanywa wakati ambapo hakuna anayeyadai. Fauka ya hayo, mkulima anayefuga kuku kule Vihiga au Kwale ana haki ya kujua, kwa lugha anayoielewa, kwamba kiumbe anachokifuga kina ubongo uliopangika vizuri. Haki hiyo haisubiri mtaala.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Kisa cha ubongo wa ndege kinatufunza upande wa pili wa methali hiyo: jina baya linaweza kuleta giza mahali penye mwanga. Kwa karne nzima wataalamu walikuwa na ubongo wa njiwa mbele yao na hadubini mikononi, lakini jina liliwaambia wanachokiona kabla hawajatazama. Ilibidi glutamati na GABA, kemikali mbili zinazotofautiana kwa kipande kidogo tu, zisaidie kuusahihisha msamiati wa taaluma nzima.

Wanachama wenzangu, tutakapokutana tena kujadili istilahi, tusianze kwa kuuliza neno hili linaitwaje kwa Kiingereza. Tuanze kwa kuuliza kitu hiki ni nini, kipo wapi, na kinafanya nini. Tukipata jibu, neno litapatikana. Kiswahili hakijawahi kukosa neno kwa mtu anayejua anachotaka kusema. Na wale watakaoendelea kutuambia kwamba jina ni jina tu, tuwakumbushe yule kuku wa uani, ambaye kwa karne nzima alinyimwa joho lake kwa sababu ya jina.